Picha za safari ya Kigoma zimegeuka nyekundu, na mama anataka tuirudie: tuanzie wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Marehemu baba alituachia albamu mbili za safari aliyofanya na mama miaka ya 80 kwa Land Rover, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Picha nyingi zimekuwa nyekundu-nyekundu na zimenata kwenye kurasa. Moja iliyokuwa kwenye fremu imegandamana na kioo. Kijana wa stesheneri amenishauri nizibandue kwa mashine ya kukaushia nywele, halafu nizipige laminesheni zisiharibike tena. Kaka naye amezipitisha kwenye programu ya simu na rangi zimerudi, sura zinang'aa. Mama ana miaka sabini na kitu. Anataka turudi njia ileile, tusimame palepale, tupige picha palepale. Anasema walisafiri Desemba kwenda kula Krismasi, lakini kaka anasema picha zinaonyesha kiangazi. Likizo yangu iko Desemba. Nimekutumia picha tatu. Je, rangi inaweza kurudi? Nibandue au nisibandue? Na picha hizi zinaweza kutuongoza kweli, au tunajisumbua?"*

Mungu amrehemu mzee wenu, na hongera kwa kuwa na mama ambaye bado ana hamu ya barabara. Picha zako tatu nimezitazama kwa makini. Nianze na ya haraka: kwa leo usibandue kitu, usipeleke chochote laminesheni, na usimwahidi mama Desemba mpaka umesoma jibu hili hadi mwisho.

Tuanze na wekundu, maana ndio unaowatisha watu wengi. Wengine hudhani ni uchafu, wengine hudhani jua limeichoma picha. Sivyo. Picha ya rangi ya miaka ile ina matabaka membamba ya jelatini juu ya karatasi, na ndani yake mna rangi tatu: njano, majenta (nyekundu ya zambarau) na samawati. Kila moja huchakaa kwa mwendo wake. Kwenye karatasi nyingi za miaka ya 70 na 80, samawati ndiyo iliyokuwa dhaifu, na huvunjika hata gizani. Kwa hiyo hata kama albamu ilikaa kabatini bila kufunguliwa, joto na unyevu wa Dar vilikuwa vikiila polepole miaka yote hiyo. Samawati ikishapungua hubaki majenta na njano, na hizo mbili zikiwa pamoja jicho huona nyekundu. Picha iliyokaa juani huharibika kwa namna nyingine, mara nyingi hupauka na kuelekea buluu au kijani. Zenu zimekuwa nyekundu, maana yake hamkuzianika popote, kwa hiyo usimlaumu mtu nyumbani.

Kwenye karatasi yenyewe rangi hairudi. Samawati iliyovunjika imeshavunjika, na hakuna dawa ya kupaka itakayoirudisha. Kinachoweza kurudi ni mwonekano, tena kwenye nakala ya kidijitali tu. Picha ikipigwa skani vizuri, ile samawati kidogo iliyobaki husomeka, na mtu anayejua kusawazisha rangi anaweza kuinyanyua mpaka anga liwe anga na majani yawe majani. Hapo anaongezea nguvu kitu ambacho bado kipo kwenye picha.

Programu ya kaka inafanya jambo tofauti, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Picha ya pili umenituma mara mbili, ya asili na iliyopita kwenye simu. Katika ile ya asili, nyuma ya bega la baba kuna kibao cha barabarani. Nikiikuza naona herufi mbili za mwanzo, U na V, kisha weupe. Kwa safari ya kuelekea Kigoma, kibao kinachoanza na UV karibu kila mara kitakuwa Uvinza, penye chemchemi za chumvi. Katika nakala ya simu kibao kimekuwa safi kabisa, kina maandishi meusi yaliyonyooka, lakini ukiyasoma si neno la lugha yoyote. Programu imekisia. Na kama imekisia kibao, basi imekisia pia jicho la baba na tabasamu la mama. Sikukatazi kuwa na nakala hiyo ukutani, kama mama anaipenda. Ila isichukue nafasi ya ile ya asili, na msiitumie kutafuta njia.

Sasa kubandua. Albamu zenu ni zile zenye mistari ya gundi kwenye ukurasa na nailoni inayofunika juu. Zilipendwa sana kwa sababu hazikuhitaji kona wala gundi ya kupaka. Tatizo ni kwamba gundi ile hugeuka njano na kukauka kadiri miaka inavyokwenda, na katika nyumba yenye unyevunyevu jelatini ya picha hulainika na kushikana na nailoni. Ukileta joto la mashine ya nywele, unalainisha gundi na jelatini kwa pamoja. Wakati mwingine picha hutoka salama. Wakati mwingine uso wa mtu hubaki kwenye nailoni, na hapo hakuna mtaalamu atakayekusaidia.

Fanya hivi. Kwanza piga skani au picha ya ukurasa mzima ukiwa jinsi ulivyo, pamoja na maandishi yoyote ya pembeni. Mpangilio wa baba nao ni kumbukumbu. Kisha chagua siku kavu, funua nailoni taratibu, na uanze na picha ambayo hata ikiharibika hamtaumia. Chukua uzi wa kusafishia meno, usio na nta wala ladha, upitishe nyuma ya kona moja, uuvute polepole huku na huku kama anayekata sabuni ya mche. Ukiona uzi unakwenda, endelea. Ukigoma, acha. Picha inayogoma ibaki kwenye ukurasa wake, mkate ukurasa kuizunguka ikibidi. Na picha ikitoka, igeuze kabla ya jambo lolote, maana nyuma mara nyingi kuna mwandiko au muhuri wa studio iliyoisafisha.

Laminesheni hapana kabisa. Inatumia joto na gundi ya kudumu pande zote mbili, na haitoki tena bila kuichana picha. Samawati iliyobaki itaendelea kuvunjika humohumo ndani. Weka picha kwenye bahasha za karatasi, kisha kwenye boksi, chumba ambacho si jikoni wala karibu na bafu, na usitumie stoo ya bati. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia kidogo, mradi uvibadilishe.

Skani ya nukta 600 kwa inchi inatosha kwa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15. Zaidi ya hapo unakuza chembechembe za karatasi. Kama hakuna skana, simu nzuri inafaa: weka picha mezani karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi ya simu, simama wima juu yake. Mkitumiana na ndugu kwa WhatsApp, tumeni kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa. Na wekeni nakala sehemu tatu, mojawapo iwe nje ya nyumba hiyo.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuliandika: negativu, yaani vile vipande vya mkanda wa filamu, ziko wapi? Studio za wakati ule zilikuwa zikimrudishia mteja bahasha yenye picha mfuko mmoja na vipande vya mkanda mfuko mwingine. Familia nyingi zilitunza picha na kusahau mkanda. Tafuteni kwenye begi la vyeti vya mzee, kwenye droo, kwenye kopo la biskuti. Ukingoni mwa mkanda kuna namba zilizochapwa kiwandani, na hizo ndizo zinazotuambia picha ipi ilitangulia ipi. Albamu haiwezi kutuambia hilo, kwa sababu mtu hupanga albamu kwa kupendeza. Mkanda unafuata safari. Kama namba 14 ni Land Rover porini na namba 15 ni kibao cha Uvinza, mmeshapata kipande cha njia bila kubahatisha.

Mkanda huohuo huenda ukamaliza ubishi wa mama na kaka. Ila picha ya kwanza uliyotuma imeshaniambia kitu. Mama amesimama kando ya gari kwenye barabara ya vumbi. Gari linatazama kushoto, keria imejaa mizigo na dumu, na kivuli chake ni kifupi, kinaangukia upande wa mpigapicha. Kwanza nilihakikisha picha haikusafishwa kinyume, kushoto ikawa kulia, kosa lililokuwa likitokea studio. Usukani uko upande wa mbali, kama inavyotakiwa kwa gari la kwetu likionekana ubavu wake wa kushoto. Kwa hiyo picha iko sawa. Kama walikuwa wakienda magharibi, basi mpigapicha alitazama kaskazini, na kivuli kinachomjia kinaelekea kusini. Jua la mchana lilikuwa kaskazini mwao. Kwenye latitudo ya Tabora na Kigoma, kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua la saa sita mchana huwa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Desemba liko kusini, na kivuli kingeangukia upande wa pili.

Barabara hupinda, kwa hiyo ushahidi wa kivuli peke yake haunitoshi. Lakini tazama mti ulio nyuma ya gari. Hata na wekundu wote wa karatasi, majani yake ni mekundu kuliko ya jirani zake, ilhali nyasi chini zimeungua nyeusi. Miti ya miombo huchipua majani mekundu ya rangi ya shaba kabla mvua haijanyesha, wakati moto wa nyika umeshapita. Hiyo ni Septemba, au siku za mwanzo za Oktoba. Kaka amekaribia ukweli.

Lakini usikimbilie kumwambia mama amekosea. Albamu ni mbili, na ninavyoona kuna uwezekano mkubwa kwamba safari pia zilikuwa mbili, moja ya kiangazi kwa gari na nyingine ya Krismasi, labda kwa treni, ambayo haikupigwa picha nyingi. Kumbukumbu za mtu huungana namna hiyo bila yeye kusema uongo. Kaa naye mkiwa wawili, si mbele ya wajukuu wanaobishana. Usimuulize mwezi. Muulize mlikula nini njiani, nani alikuwa mgonjwa, mlilala kwa nani Tabora, gari lilikwama wapi. Rekodi mazungumzo kwa simu. Fanyeni hivyo kabla ya safari, kwa sababu akishafika na kuona lami na majengo mapya, picha mpya zitaanza kufunika za zamani kichwani mwake.

Kuhusu njia. Kibao cha Uvinza kinaonyesha walipita Tabora, Urambo na Kaliua, wakavuka Malagarasi, badala ya kuzungukia Nzega, Kahama, Kibondo na Kasulu. Njia zote mbili leo ni tofauti sana na walizopita wao. Dodoma, Manyoni, Itigi hadi Tabora mnakwenda kwenye lami katikati ya vichaka, na Malagarasi ina Daraja la Kikwete. Lami ikinyoosha barabara, mara nyingi huacha ile ya zamani pembeni. Kwa hiyo kona aliposimama mama inaweza kuwa mita mia kadhaa ndani ya pori, au chini ya tuta. Waulizeni wazee wa vijijini, wanaijua "barabara ya zamani" vizuri. Kabla ya kuondoka Tabora ulizia pia hali ya kipande cha kuelekea Uvinza kwa madereva wa mabasi ya wiki hiyohiyo.

Mkifika mnapodhani ndipo, msitegemee miti. Tegemeeni milima na miamba. Siri ya kurudia picha ni kulinganisha kitu cha karibu na cha mbali. Tembea kushoto na kulia mpaka jiwe la karibu liangukie chini ya kilele kilekile cha mlima kama kwenye picha ya baba. Kisha songa mbele au rudi nyuma mpaka ukubwa wao ulingane. Lenzi kuu ya simu inaona upana mkubwa kuliko kamera nyingi za wakati ule, kwa hiyo kuza kama mara mbili. Ukisogea karibu badala ya kukuza, mlima utabaki mdogo nyuma ya mtu na picha hazitafanana hata mkiwa mahali sahihi.

Ziwani jiandaeni mapema. Picha ya tatu, baba amekaa mchangani na jua linazama majini, ni jioni bila shaka, kwa sababu Kigoma iko ufukwe wa mashariki na jua huzama upande wa Kongo. Lakini mchanga ule unaweza kuwa haupo. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, na mvua zikizidi kwa miaka mfululizo ziwa hupanda. Kuanzia 2020 lilipanda hadi kufunika fukwe na kuingia kwenye makazi ya watu pande zake zote. Hushuka pia. Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, leo pana ukumbusho na miembe, na maji yako mbali kidogo, ilhali zamani yalikuwa karibu. Mwambieni mama habari hii kabla, asije akafika na kudhani amepoteza njia. Kama anaikumbuka meli ya Liemba, ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ulizieni bandarini iko wapi kwa sasa. Na popote penye daraja, stesheni, bandari au jengo la serikali, ombeni ruhusa kabla ya kuinua simu. Mkikutana na watu waliomo kwenye picha za baba, au watoto wao, wapeni nakala mkononi kabla hamjaziweka mtandaoni.

Na mwezi? Upande ule mvua ni za msimu mmoja, takriban Novemba hadi Aprili. Ukiniuliza mimi, ningebadilisha likizo niende kati ya Agosti na Septemba. Mtapata nyika ileile ya kwenye picha, vivuli vya upande uleule, na mtaweza kuingia kwenye barabara za zamani bila kukwama. Desemba ina faida yake pia: kijani, maembe, na ndugu wengi wako nyumbani. Mkienda Desemba kaeni kwenye lami na msitafute kona za porini. Jambo moja tu lingenifanya niseme nendeni Desemba bila kusubiri, nalo ni afya ya mama. Kama daktari wake ana wasiwasi na miezi ijayo, picha za kufanana na za baba si muhimu kuliko yeye kufika. Vyovyote iwavyo, aonwe na daktari kabla, na msimkalishe kwenye gari siku nzima. Ni zaidi ya kilomita 1,200. Anaweza kupanda treni ya mwendokasi hadi Dodoma, nyie mkampokea na gari, mkalala, kisha mkalala tena Tabora.

Msibebe picha za asili. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hupata joto la kuharibu kwa siku moja kilichovumilia miaka arobaini. Chapisheni nakala za karatasi kubwa kidogo ili mama aone bila miwani, na nafasi ya kuandika nyuma.

Kuna mambo ambayo hayatakiwi kufanyiwa nyumbani. Ile picha iliyogandamana na kioo ni mojawapo. Usiivute, usiiloweke, usiikwangue. Ipige skani ikiwa na kioo chake, kisha ifunge kwa kitambaa safi na umpelekee mhifadhi wa nyaraka au wa makumbusho aione kwa macho. Mkiwa Dar, anzeni kwa kuuliza Nyaraka za Taifa au Makumbusho ya Taifa wanaweza kuwaelekeza kwa nani. Fanya hivyohivyo kwa picha yenye ukungu wa unga juu, kwa sababu ukungu hulegeza jelatini na ukifuta kwa kitambaa kibichi sura huondoka nayo. Mwenye pumu nyumbani asiiguse kabisa. Na mkizipata negativu zikanuka siki au zikiwa zimejikunja, ujue plastiki yake imeanza kuoza na harufu ile huambukiza nyingine. Zitoeni kwenye bahasha yenye nzuri, zikae peke yake penye hewa, na zipigwe skani kabla ya zote. Zikiwa salama, niandikie namba za ukingoni na kilichomo katika kila moja, tuone safari zilikuwa ngapi.